Hasara ya maandamano isiyoingia daftarini

Kila mara moshi wa vitoa machozi unapotulia mjini, hesabu huanza. Mwenye duka huhesabu vioo vilivyovunjwa na bidhaa zilizobebwa. Mwenye matatu huhesabu siku ambazo gari lililala. Mkulima aliyekuwa na nyanya njiani huhesabu kreti zilizooza. Viongozi wa wafanyabiashara hutoa taarifa yao, serikali nayo hutoa yake, na magazeti huchapisha mamilioni ya pesa yaliyopotea. Baada ya wiki moja au mbili daftari hufungwa, na watu huambiwa warudi kazini.

Mimi ni mwanauchumi wa kilimo, na hesabu za namna hii ndiyo kazi yangu. Naandika makala haya kwa sababu kuna safu moja ambayo huachwa tupu kila mara. Ni hasara inayobaki kichwani mwa mtu hata baada ya kioo kipya kutiwa dirishani. Hasara hii huchukua muda mrefu kuliko zote kulipwa, na mara nyingi hulipwa na watu ambao hawakuikaribia barabara ya maandamano.

Tukumbuke kidogo tulikotoka. Mwaka 2023, upinzani uliitisha maandamano ya kulalamikia gharama ya maisha, na kwa wakati fulani yakapangiwa kila Jumatatu na Alhamisi. Mwezi Juni 2024, vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha uliopendekeza, miongoni mwa mengine, ushuru wa asilimia 16 kwa mkate. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Watu kadhaa walikuwa wameuawa. Katika maadhimisho ya mwaka mmoja, tarehe 25 Juni 2025, maduka katikati ya jiji la Nairobi yaliporwa na mengine kuchomwa. Siku chache baadaye, Saba Saba ya mwaka huo, polisi walifunga barabara za kuingia jijini, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikahesabu vifo vya watu zaidi ya 30 nchini.

Hizo ndizo habari zilizosomwa redioni. Sasa tuzifuate hadi shambani.

Njia ya hofu hadi shambani

Chukua mfano wa mkulima wa nyanya huko Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Tuseme amevuna kreti 40 Jumatatu jioni kwa ajili ya soko la Nairobi, na bei waliyoelewana na dalali ni Sh3,000 kwa kreti. Anatarajia Sh120,000. Usiku dalali anapiga simu kusema lori haliendi, kwa kuwa barabara zitafungwa na mwenye gari anaogopa kuchomewa. Nyanya haingoji siasa. Kufikia Alhamisi nusu imelainika, na dalali anaichukua yote kwa Sh1,200 kwa kreti. Mkulima anapata Sh48,000. Amepoteza Sh72,000 bila kurusha jiwe, bila kupigwa rungu, na pengine bila kuwa na msimamo wowote kuhusu mswada uliowatoa vijana nje.

Mkulima huyo ana mkopo wa Sh80,000 aliouchukua kununua mbegu, mbolea na dawa. Fedha alizonazo hazitoshi kuulipa. Kuanzia hapo halali vizuri. Anahesabu usiku na kurudia hesabu ile ile, kana kwamba jibu litabadilika kufikia asubuhi. Simu ikilia anadhani ni wa mkopo. Redio ikitaja maandamano ya wiki ijayo, moyo unamwenda mbio. Mkewe akiuliza pesa za karo, anajibiwa kwa ukali. Jirani wakimwona kilabuni saa nne asubuhi husema ameharibika, lakini hakuna anayeuliza alianza kuharibika siku gani.

Sokoni hali ni hiyo hiyo. Mama mboga aliyekuwa akifika Marikiti saa kumi alfajiri sasa anangoja kupambazuke, na anapofika mali nzuri imekwisha. Mchuuzi aliyeporwa mara moja hajazi tena kibanda chake, ananunua bidhaa za siku moja tu ili akiporwa tena hasara iwe ndogo, na kwa kununua kidogo kidogo analipa bei ya juu. Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, anafunga kibanda kabla hajajua ni nini. Mtu huyu hajajeruhiwa mwilini, na biashara yake haimo katika orodha ya zilizochomwa. Lakini inakufa polepole.

Walioichunguza hali hii

Huenda msomaji akasema haya ni maneno ya huruma tu. Si hivyo. Jambo hili limechunguzwa, na uchunguzi ulio wazi zaidi ulifanywa Hong Kong, jiji lililotikiswa na maandamano makubwa mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Watafiti wa chuo kikuu cha huko walikuwa wakiwafuatilia wakazi zaidi ya 18,000 kwa muda wa miaka kumi, kwa hiyo waliweza kulinganisha hali kabla ya maandamano na baada yake. Katika miaka ya 2009 hadi 2014, watu wazima waliokuwa na dalili za sonona, yaani ile huzuni nzito inayomwondolea mtu nguvu na hamu ya maisha, walikuwa asilimia 1.9. Mwaka 2019 walifika asilimia 11.2. Waliokuwa na dalili za kiwewe, wale wanaoona tukio likijirudia akilini na kushtuka ovyo, walikuwa asilimia 12.8. Matokeo hayo yalichapishwa mwezi Januari 2020 katika jarida la kitabibu la Lancet.

Jambo lililo muhimu kwetu katika uchunguzi huo ni hili: sonona haikuchagua upande. Walioandamana na wasioandamana, waliounga mkono na waliopinga, wote walikuwa katika hatari. Watafiti hao pia waliona kwamba waliotumia saa mbili au zaidi kila siku wakifuatilia matukio hayo mitandaoni walikuwa na dalili zaidi, na kwamba waliokuwa na familia ya kuwategemeza walikuwa na nafuu.

Baadaye mwaka huo wa 2020, baadhi ya watafiti hao walikusanya pamoja tafiti 52 kutoka nchi na maeneo 20 kuhusu maandamano, ghasia na mapinduzi. Walikuta kwamba katika maeneo yaliyokumbwa na ghasia, watu wenye kiwewe walikuwa kati ya asilimia 4 na asilimia 41. Aidha, waliotajwa kuwa katika hatari zaidi walikuwa wanawake, watu wa kipato cha chini, walioshuhudia vurugu kwa macho yao, na wasio na watu wa kuwashika mkono. Hebu linganisha orodha hiyo na watu unaowakuta katika soko lolote la Kenya. Mwanamke wa kipato cha chini, aliyeketi kando ya barabara ambako vurugu hupitia: huyo ni mama mboga.

Mbona liwe jambo la uchumi?

Wapo watakaosema kwamba mambo ya akili waachiwe madaktari, nasi tuzungumze bei na mbolea. Nawajibu kwa mfano wa wakulima wenzetu wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Watafiti waliwapima wakulima 464, kila mmoja mara mbili: kabla ya mavuno akiwa hana kitu, na baada ya mavuno akiwa amelipwa. Mkulima yule yule alifanya vibaya katika maswali ya kufikiri alipokuwa na dhiki, na vizuri alipopata fedha. Akili yake haikuwa imepungua. Ilikuwa imejaa mzigo mwingine. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013.

Kilimo na biashara ndogo ni kazi za kuamua. Nipande nini, nipande lini, niuze leo au ningoje, ninunue mbegu iliyothibitishwa au niliyobakisha msimu uliopita, nikope kwa nani. Mwenye hofu huamua kwa haraka na kwa kujinusuru. Huuza ng'ombe wa maziwa ili kumaliza deni dogo. Hukopa kwa simu ili kulipa mkopo mwingine wa simu. Huacha kunyunyizia dawa shamba kwa sababu haoni faida ya kulihangaikia. Msimu ukiisha tunasema mvua ilikuwa mbaya.

Historia yetu wenyewe ina funzo hapa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilianza kwa mabishano ya kura na maandamano, zikaishia kuwa mauaji ya watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao, wengi wao katika Bonde la Ufa ambako nchi hupata mahindi. Ghala zilichomwa, na wengi hawakurudi shambani msimu wa kupanda ulipofika mwaka 2008. Mwezi Januari 2009 serikali ilitangaza njaa kuwa janga la kitaifa. Ukame ulichangia, lakini shamba ambalo mwenyewe anaogopa kulirudia haliwezi kutoa mahindi hata mvua inyeshe vipi.

Je, maandamano yapigwe marufuku?

Hapa ndipo hoja yangu inaweza kushikwa na wasiokusudiwa. Wapo wanasiasa ambao wakisikia kwamba maandamano huwaumiza wafanyabiashara husema: basi yakomeshwe. Mimi sikubaliani nao.

Kwanza, Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Pili, dhiki ya mkulima haikuanzia barabarani. Ushuru unaopanda, pembejeo ghali na malipo ya mazao yanayochelewa humnyima mtu usingizi pia, na anayekatazwa kulalamika hubaki na uchungu wake ndani. Katika tafiti zile 52 nilizotaja, mbili zilidokeza kwamba watu kushikamana na kudai jambo lao kwa pamoja kunaweza kupunguza sonona, labda kwa kuwa mtu hupata pa kutolea uchungu na kuhisi hayuko peke yake. Tatu, kinachoacha jeraha kubwa zaidi akilini ni vurugu: risasi, uporaji, moto, na wahuni wenye marungu.

Kwa hiyo swali la haki kuuliza ni nani huyageuza maandamano kuwa vurugu. Polisi anayemfyatulia risasi kijana asiye na silaha anaongeza mzigo wa akili kwa kila aliyeshuhudia. Anayekodisha wahuni kupora maduka ili waandamanaji wapakwe matope anafanya vivyo hivyo, na hata mwandamanaji anayevunja kibanda cha mjane hawezi kujitetea kwamba anatetea wanyonge. Mfanyabiashara ana haki ya kuwadai wote hawa. Asikubali kuambiwa kwamba adui yake ni yule kijana aliyebeba bendera na chupa ya maji.

Yatakayosaidia

Mwezi Agosti 2025, Rais Ruto alitangaza mpango wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano tangu mwaka 2017, mpango ambao ulipingwa mahakamani. Fidia ikilipwa kwa njia yoyote ile, napendekeza ihesabu mambo mawili ambayo husahauliwa. La kwanza ni gharama ya matibabu ya akili, kwa walioumizwa na kwa waliofiwa. La pili ni wachuuzi wasio na leseni wala risiti, kwa sababu hao ndio wasio na bima na ndio wanaoanguka bila kusimama tena. Wasimamizi wa masoko wanawajua wachuuzi wao. Orodha inaweza kupatikana bila kudai stakabadhi ambazo zimeungua.

Serikali za kaunti nazo zisingoje kupata madaktari wa akili wa kutosha, maana watangoja sana. Zimbabwe walionyesha njia nyingine. Mwaka 2005 serikali ya huko ilibomoa nyumba na vibanda vya watu wa chini mijini, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makao, riziki, au vyote viwili. Mwaka uliofuata, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare, ulio na soko kubwa la mazao. Kila nyanya alikaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, akamsikiliza, kisha wakachagua pamoja tatizo moja na kupanga hatua ya kulitatua. Ugonjwa waliuita kwa jina la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sisi tuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa vifaa na serikali mwaka 2023. Wanapima presha na sukari nyumba kwa nyumba. Wakifunzwa kusikiliza na kutambua sonona, na kila soko kubwa likitengewa benchi na siku moja kwa wiki, gharama itakuwa ndogo kuliko ile ya kupaka rangi lango la soko.

Benki, vyama vya akiba na mikopo, na wakopeshaji wa simu wakubali utaratibu wa kusimamisha malipo kwa mwezi mmoja au miwili katika maeneo yaliyokumbwa na vurugu, bila kumweka mteja katika orodha ya wasiolipa. Mkopeshaji hapotezi. Anayepumua hulipa, aliyekata tamaa hutoroka.

Nawe mfanyabiashara, soma tena karatasi ya bima yako. Bima ya kawaida ya moto na wizi mara nyingi haigusi hasara zinazotokana na ghasia za kisiasa. Nyongeza hiyo huulizwa na kulipiwa kando. Wenye vibanda wanaweza kuungana kama kikundi na kutafuta bei ya pamoja. Mkulima wa mboga na matunda naye asitegemee soko la jiji moja. Hata kama soko la mji wa karibu linalipa pungufu, kulipelekea sehemu ya mazao kila wiki ni kinga dhidi ya siku ambayo barabara itafungwa.

Kuhusu nafsi yako mwenyewe, punguza saa za kutazama video za vurugu kwenye simu. Soma habari mara moja asubuhi na mara moja jioni, kisha uiweke kando. Chama chako cha kuchangiana kiwe pia mahali pa kuulizana hali. Mwenzenu akikosa vikao viwili, asitozwe faini kabla ya mtu kwenda kumwona. Ukiona usingizi umepotea, chakula hakiliki, hasira haziishi au pombe imezidi, na hali hiyo imepita wiki mbili, nenda kituo cha afya useme wazi, kama vile ungesema homa haishuki. Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kupitia nambari 1199 kwa anayetaka kuzungumza na mtu.

Na kama wazo la kujiua limekujia, sema leo. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na watu wengi walinyamaza kwa kuogopa seli. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayeomba msaada hana kosa.

Mkulima hodari huuchunguza udongo wake kabla ya kupanda, kwa kuwa anajua kwamba mbegu bora haifui dafu katika udongo uliochoka. Akili ya mwenye shamba na ya mwenye kibanda ni mtaji wa kwanza kabla ya mbolea na kabla ya mkopo. Uchaguzi mwingine hauko mbali nasi, na mikutano, maandamano na mabishano yatakuja nao. Wakati huo tutakapozihesabu hasara, tuanze na watu wenyewe, kisha ndipo tuhesabu vioo.